Neno Gesi Ndani ya Friji ya Trela

Watu wa Eastlands hawasemi jokofu. Neno wanalijua, kwa sababu walifundishwa shuleni na wakaliandika katika insha zao. Lakini simama kwenye duka lolote kati ya Shauri Moyo na Kayole, utasikia friji, na mwenye mashine ya kugandisha atakwambia ana friza. Friji imeingia ngeli ya I-ZI bila kubisha hodi: friji yangu, friji zao, friji imekufa. Jokofu limebaki na LI-YA yake, likisubiri taarifa ya habari. Katika magazeti ya Tanzania linafanya kazi nzito zaidi: majokofu ya chanjo kwenye zahanati, majokofu ya kuhifadhia maiti hospitalini. Huenda kazi hiyo ya pili ndiyo inayolizuia kuzoeleka jikoni, maana ni vigumu kutoa maziwa ya mtoto ndani ya neno lililolaza wafu.

Mimi nalipenda. Kila nikilisikia, sikio langu huokota joko ndani yake, tanuri la mfinyanzi, mahali pa kuchomea vyungu. Hilo ni la sikio, si la historia ya neno. Lakini ipo friji moja ambayo kweli ina joko ndani, moto unaowaka chini ili chakula kipoe juu, na hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Ni friji ya trela ya kulala.

Nasema trela ya kulala: nyumba ndogo ya magurudumu inayokokotwa nyuma ya gari, yenye kitanda, jiko na friji, ya kwenda nayo Magadi, Naivasha au Samburu. Ziko chache Nairobi, na wengi wa wenye nazo wanaishi mbali na Eastlands. Hata hivyo chuma kikikatika au waya ukiungua, baadhi yake huishia Kariobangi Light Industries au kwenye gereji za kandokando ya Outer Ring, kwa sababu huku ndiko waliko watu wa kuchomelea, kukunja mabati na kufungua mashine ambayo kitabu chake cha maelezo kilipotea zamani. Magari ya watalii, yale yenye paa la kuinuliwa, nayo huja na visanduku vyao vya baridi vilivyofungwa kati ya viti. Kwa hiyo fundi ambaye nyumbani kwake Dandora hana friji kabisa anashinda amepiga magoti mbele ya friji zinazotembea.

Wako wanaoiita trela hiyo karavani. Neno hilo lilianzia Kiajemi, likapita Ulaya, likarudi kwetu likiwa limeacha ngamia na wafanyabiashara na kuwa nyumba ya kukokotwa. Kiswahili tayari kilikuwa na msafara, na msafara ni watu. Nakubaliana na mafundi: trela ni trela, na kazi yake iongezwe nyuma, ya mizigo au ya kulala.

Ndani ya trela hizo friji si za aina moja, na hapa ndipo uhaba wa istilahi unapoanza kugharimu pesa. Aina ya kwanza ni ndugu wa ile ya nyumbani. Ina kompresa, mota iliyofungiwa ndani ya kopo jeusi la chuma, ila hii inakula volti 12 au 24 za betri badala ya volti 240 za ukutani. Ya pili haina mota. Inaendeshwa na joto: joto la mwale wa gesi ya kupikia, au la waya unaopashwa na betri, au la stima ya kawaida mkifika mahali penye soketi. Ya tatu ni kisanduku chepesi kinachotegemea jambo alilolionyesha Mfaransa Jean Charles Peltier mwaka 1834, kwamba ukipitisha umeme kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, upande mmoja hupata joto na wa pili hupoa. Dereva huziita zote friji. Muuzaji naye huziita zote friji.

Lakini kisanduku cha Peltier hushusha joto kiasi cha digrii 20 hivi chini ya hali ya nje, basi. Magadi, ambako mchana hupita digrii 35, nyama iliyomo inabaki kwenye digrii 15 au zaidi, na hiyo haitoshi kuizuia kuoza. Nyama inataka digrii 4 au 5. Friji ya joto nayo ikiachwa ijitegemee kwenye betri hula zaidi ya wati 100, yaani karibu amperi 10 kwa volti 12. Betri ya amperi-saa 100 ya aina ya risasi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo itakuwa imechoka baada ya saa tano. Ile ya kompresa hula wati 45 hivi mota inapozunguka, na mota hupumzika kila baridi ikitosha, hivyo hufika asubuhi kwa betri ileile. Mtu asiyeambiwa tofauti hii hununua friji, akanunua betri ya pili, akanunua ya tatu, halafu akailaumu sola inayozichaji.

Ya kwanza basi iitwe friji ya kompresa, maana kila fundi analijua kopo lile. Ya pili ningeiita friji ya kufyonza, na kitenzi hicho kina sababu yake.

Friji ya kufyonza ya aina hii ilibuniwa Stockholm mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa uhandisi, Baltzar von Platen na Carl Munters, kisha kampuni ya Electrolux ikaichukua na kuisambaza duniani. Afrika Mashariki iliijua kwa jina la wazi kabisa: friji ya mafuta ya taa. Kwenye misheni, kwenye mashamba makubwa na kwenye zahanati zisizo na umeme, utambi uliwaka chini ya friji na chanjo zikakaa baridi juu yake. Jina lile halikutungwa na kamati, lakini lilimwambia mtumiaji alichohitaji kujua: utambi usafishwe, mafuta yasikauke. Ni istilahi chache za vyuoni zinazosema mengi kiasi hicho kwa maneno matano.

Utendaji wake ni huu. Moto huchemsha maji yenye amonia. Amonia hupanda ikiwa mvuke na kuyaacha maji nyuma, ikafika kwenye mabomba ya mgongoni na kuwa kimiminika, kisha ikashuka hadi ndani ya kisanduku ambako hukutana na haidrojeni na kugeuka mvuke tena. Kugeuka mvuke kunahitaji joto, na joto hilo hutolewa kwenye nyama, kwenye maziwa na kwenye hewa iliyomo. Mwishowe yale maji yaliyoachwa nyuma huifyonza amonia, na mzunguko unaanza upya. Hakuna kinachozunguka wala kinachonguruma. Vimiminika hushuka kwa uzito wake tu, ndiyo maana trela ikiegeshwa kwa kuinama friji hiyo hushindwa kazi. Mafundi wa ujenzi wana jina zuri la kile kifaa chenye kiputo cha hewa: pima maji. Mwenye friji ya kufyonza asiwe bila pima maji garini, kwa sababu kimiminika kikikwama upande mmoja huku moto ukiendelea, mabomba hupata joto kupita kiasi na madhara yake hayatengenezeki.

Kimo nacho kina neno lake hapa. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kiasi kwamba mwale mdogo wa friji ya gesi huanza kukosa nguvu, ukazimika au ukawaka vibaya. Friji ileile iliyogoma Umoja inaweza kuwaka vizuri ikifika Magadi au Mtito Andei. Nimeona watu wakibadilisha sehemu nzima za mashine isiyo na kasoro kwa sababu hakuna aliyewaambia hivyo.

Sasa kitenzi. Kiswahili kimejaliwa kitenzi kinachosema ukweli wa mashine hizi kuliko jina lolote, nacho ni kupoa. Uji umepoa: hakuna aliyeutia baridi, joto limeuacha. Kupoza basi ni kukifanya kitu kiachwe na joto. Friji haitengenezi baridi popote. Inahamisha joto kutoka ndani hadi nje, ndiyo sababu mgongo wake ni moto, na ndiyo sababu friji iliyosukumwa ikagusana na ukuta wa chumba kimoja cha Kayole hufanya kazi mchana kutwa na soda isipoe. Ndani ya trela jambo hilo linakuwa zito zaidi: bila matundu ya hewa nyuma ya friji, joto linalotolewa kwenye chakula linarudi kwenye kitanda cha mwenye trela.

Lakini mdomo wetu umezoea njia nyingine. Twasema friji inaleta baridi. Mama wa Buruburu humkemea mtoto aliyeuacha mlango wazi: funga, baridi inatoka! Maneno hayo hayana ubaya katika malezi, maana mtoto anafunga mlango. Ubaya unaanzia kwa mnunuzi na fundi, wanapoamini kwamba baridi ni bidhaa inayotoka ndani ya mashine na kwamba kuna kitu kinachotumika kuitengeneza. Bidhaa ikipungua, malighafi imekwisha. Fikra hiyo ndiyo inayozaa sentensi nitakayoifikia.

Kabla ya hapo, neno kuhusu herufi moja. Kupoza si kupooza. Kupoza huleta nafuu: twapoza koo, twapoza roho ya aliyekasirika, na Nairobi nzima hujibu poa inapojuliwa hali. Kupooza ni kukosa nguvu za viungo. Tanzania husema kituo cha kupoza umeme kwa mahali panaposhushwa nguvu za umeme kabla ya kufika mtaani, na istilahi hiyo ni nzuri sana, kwani umeme ulio mkali unatulizwa. Lakini mara kwa mara utaiona imeandikwa kituo cha kupooza umeme, na hapo mwandishi amesema kinyume. Kwenye mabango ya mafundi wa friji kosa hilo ni baya zaidi, kwa sababu anayetangaza kwamba anapooza friji anaahidi kuiua.

Baridi pia inahitaji uangalifu. Dukani utaulizwa soda yako ni moto ama baridi, na moto hapo ni soda ambayo haijaingia friji, si soda iliyochemka. Maneno kinywaji baridi yamekuwa jina la soda hata ikiwa imeshinda juani. Lugha ya kawaida inaruhusiwa ulegevu huo. Maji yakiwa baridi sana mtu wa pwani atasema yanazizima, na kitenzi hicho kingetufaa kwa kiwango kilicho kati ya kupoa na kuganda, kile cha digrii 1 au 2 ambacho wauza samaki wa Gikomba hukipata kwa barafu. Barafu yenyewe tuliipokea kutoka Kiajemi, ambako barf ni theluji, na ndiyo friji ya safari iliyo kongwe kuliko zote: samaki wa ziwani hufika Nairobi wakiwa wamelazwa ndani yake. Na mama mboga anayelowesha gunia na kufunika sukuma wiki anatumia kanuni ileile ya mtungi wa udongo na ya friji, kwamba kimiminika kikigeuka mvuke huondoka na joto. Hana jina la kisayansi la jambo hilo. Anasema ananyunyizia maji, mboga zisinyauke.

Nirudi garini. Siku moja, kwenye karakana ya Kariobangi, nilikuwa karibu fundi alipokuwa akiikagua trela yenye jiko la gesi na friji ya kompresa. Mwenye trela alikuwa mtu wa makamo.

"Fundi, hii friji haileti baridi tangu tutoke Naivasha."

"Gesi imeisha, mzee."

"Gesi gani? Mtungi nimenunua juzi Donholm, haujafika nusu."

"Si ya mtungi. Gesi ya friji."

"Na iliishaje, na hatujaitumia hata mwezi?"

"Hiyo huisha tu, mzee. Tunaongeza."

Mzee alilipa. Swali lake lilikuwa swali sahihi kabisa, na lugha ndiyo iliyomnyima jibu.

Gesi imeisha. Sentensi hiyo inasemwa Eastlands nzima, katika nyumba, vibanda vya soda, bucha za Burma na magari ya kubeba maziwa. Inaaminika kwa sababu kila mtu anaijua gesi nyingine, ile ya kupikia, ambayo kweli huisha. Mtungi wa kilo 6, ule ambao Nairobi huuita meko kwa neno la kale la mafiga, unakaa wiki kadhaa, kisha unakohoa, kisha unazima katikati ya ugali. Gesi ya mtungi inawaka. Kuwaka ni kuisha. Iliyo ndani ya friji haiwaki humo wala hailiwi na kitu. Fikiria mbeba mizigo wa Gikomba: anaingia sokoni, anabeba gunia, analitua barabarani, anarudi mikono mitupu kubeba lingine. Gesi ya friji inaingia ndani ya kisanduku, inabeba joto, inalitua kwenye mabomba ya mgongoni, inarudi. Mbebaji huyo hapungui kwa kubeba. Friji iliyofungwa vizuri kiwandani inaweza kufa ya uzee baada ya miaka 15 au 20 ikiwa na gesi yake ileile ya siku ya kwanza.

Ikipungua, basi, imevuja. Kuna tundu: kiungo kilicholehemiwa vibaya, bomba lililosuguana na bati katika barabara ya vumbi, au kisu kilichotumiwa kubandua barafu kwenye friza. Trela hupata matundu haya haraka kuliko friji ya nyumbani kwa sababu inatikiswa kilomita zote. Anayejaza bila kuziba amekodisha baridi kwa wiki chache, na baada ya wiki hizo atarudi kulipa. Kitenzi kuisha kimewalipisha watu mara tatu, mara nne, kwa ugonjwa mmoja. Simlaumu fundi peke yake. Wengi walijifunza kazi kwa kutazama, kutoka kwa waliojifunza kwa kutazama, na kitenzi walikirithi pamoja na spana.

Kwa friji ya kufyonza hali ni mbaya zaidi, maana hiyo haijazwi kabisa katika karakana. Mabomba yake yamefungwa na amonia, maji na haidrojeni kwa shinikizo kubwa. Dalili ya kuvuja ni harufu kali ya amonia na mara nyingine unga wa manjano nyuma ya friji, unga wenye sumu ambao usiguswe kwa mkono mtupu. Ukiuona, mashine nzima ya nyuma hubadilishwa. Fundi anayesema gesi ya friji hiyo imeisha na kwamba ataiongeza anaahidi jambo ambalo hawezi kulitimiza, na ajabu ni kwamba friji hiyohiyo inaweza kuwa imezimika kwa sababu mtungi wa gesi ya kupikia umekwisha kweli. Ndani ya trela moja, sentensi moja ina maana mbili, moja ya shilingi chache na nyingine ya bei ya friji mpya.

Ndiyo maana nasema neno gesi haliwezi kubeba kazi zote mbili. Gesi ibaki kwa mtungi, ambako imeota mizizi na ambako Eastlands inaiogopa kwa haki. Usiku wa Februari 1, 2024 gari lililobeba gesi ya kupikia lililipuka eneo la Mradi, Embakasi. Watu walikufa na mamia wakajeruhiwa. Baada ya usiku ule mtu akisikia neno gesi karibu na kitanda chake hawezi kulichukulia kama sauti tupu, na ni vyema asilichukulie hivyo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni, na trela ni chumba kidogo kisicho na upenyo mwingi.

Kile cha ndani ya friji ningekiita kipozaji. Kimetokana na kitenzi tunachokijua, kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kuifuata, na kinataja kazi badala ya hali. Hali yake hata hivyo hubadilika: ndani ya mabomba kipozaji ni mvuke sehemu moja na kimiminika sehemu nyingine, kwa hiyo kukiita gesi ni kukijua nusu. Kipozaji kimevuja. Kipozaji hakijafika kiwango. Sentensi hizi hazimruhusu mtu kusema kimeisha bila yeye mwenyewe kusikia kwamba amekosea.

Najua pingamizi. Mafundi wana namba zao, na namba hazina utata: wanasema 134 wakimaanisha R-134a, wanasema 600 wakimaanisha R600a. Namba hizo ni za lazima na ziendelee. Lakini mteja hazielewi, na historia ya vipozaji haimo ndani ya namba. Kipozaji cha zamani, R-12, kilikuwa miongoni mwa kemikali zilizoharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa. R-134a iliyoshika nafasi haidhuru ozoni, ila kilo yake moja ikiachiwa hewani hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya kaboni dayoksaidi. Mataifa yalikutana Kigali Oktoba 2016, hapa hapa jirani, yakakubaliana kupunguza kemikali za jamii hiyo nazo. Kila friji inayojazwa Kariobangi huku tundu likiachwa wazi inamwaga kipozaji chake hewani kidogo kidogo, na neno kuisha hulificha hilo pia. Kilichovuja kimekwenda mahali.

R600a imeleta jambo la hatari zaidi. Hiyo ni isobutani, ndugu wa butani iliyomo ndani ya mitungi ya kupikia, na inawaka. Friji moja ya nyumbani huwa nayo chini ya gramu 150, lakini fundi aliyezoea kukata bomba na kuwasha moto wa kulehemu mara moja anaweza kuungua uso. Hapo msomaji atauliza kama sijavunja hoja yangu mwenyewe, maana kumbe kipozaji nacho ni gesi ya kuwaka. Naona imetiwa nguvu. Kukiwa na maneno mawili tunaweza kutamka onyo: kipozaji hiki kinawaka. Kukiwa na neno moja, gesi, onyo hilo halitamkiki. Utasema nini, gesi ya gesi?

Istilahi za friji kwa Kiswahili zikitungwa, ningependa zitungwe kwa magoti yaliyogusa saruji. Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu, aliyefariki 2017, alitupatia neno runinga kwa kuchimba lahaja za pwani, akiamini kwamba neno jipya halina budi kuwa na nasaba. Tanzania ina BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu 1967, na Katiba ya Kenya ya 2010 ilifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Kazi ya dawati ipo na inaheshimika. Lakini nasaba ya maneno ya baridi iko pia Kariobangi na Kamukunji. Mafundi hawasubiri mtu: kutoa hewa yote ndani ya mabomba kabla ya kujaza wanakuita kuvuta hewa, na sijui namna bora ya kulisema jambo hilo. Kuunga shaba kwa moto ni kulehemu, neno la tangu zamani lililo hai mikononi mwao. Mota ikikaza wanasema imeshika. Kamati ikienda huko na daftari itarudi na nusu ya faharasa, na nusu iliyobaki, kipozaji kikiwemo, itapokewa kwa heshima kwa sababu itakuwa imeletwa na watu waliosikiliza kwanza.

Jokofu au friji, sina ugomvi; mwenye nyumba aseme linalomkaa mdomoni. Kiyoyozi kimeshinda bila fujo na hakuna aliyelazimishwa. Ugomvi wangu uko kwenye kitenzi kimoja kinachowatoa watu pesa. Ukiambiwa kwamba gesi ya friji yako imeisha, iwe ya dukani Umoja au ya trela iliyotoka Samburu, muulize fundi imevujia wapi. Mwombe apake povu la sabuni kwenye viungo vya mabomba, mtazame pamoja vitakapotokea viputo, na usilipie kujaza kabla ya tundu kuzibwa.